Paa Langu Silipaki Rangi

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekaa sana bila kuandika. Ukurasa wa mwisho Saru alikuwa tumboni. Sasa ana miaka miwili na nusu na anajua kugombeza kuku. Daftari, nisamehe. Sikukusahau. Nilichoka tu.

Leo nimekanda unga wa mandazi saa kumi na moja, nimechemsha maharagwe, nimebeba beseni hadi kwa krasha. Ni pale wanaposaga mawe kuwa kokoto, yaani balasti, juu kidogo ya mtaa wetu, upande upepo unakotoka. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi ndio wateja wangu. Kuna mmoja kila siku lazima aume andazi polepole kama anayetafuta kitu, halafu aseme, "Mama Saru, leo umeweka balasti ngapi humu?" Wenzake wanacheka. Namwambia ni balasti yenu wenyewe.

Baadaye kliniki. Saru anakohoa tena. Daktari akaniuliza kikohozi kilianza lini. Nikasema kitambo. Akauliza, kitambo ni lini, mama? Nikakosa jibu. Mtoto wangu mwenyewe. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto.

Ndiyo sababu nimekurudia. Kuanzia leo naandika.

Jumatano, 3 Septemba

Kikohozi. Asubuhi kikavu. Mchana kidogo. Jioni kibaya, malori yakishateremka.

Nilifuta kioo cha dirisha saa moja asubuhi. Saa sita niliandika jina la Saru juu yake kwa kidole na likasomeka vizuri.

Hili si vumbi la Voi tulilozaliwa nalo. Lile ni jekundu, linakaa miguuni, unanawa linaisha. Hili ni la kijivu, jembamba kama unga wa ngano, na halikai chini. Linakaa kifuani.

Ijumaa, 5 Septemba

Dalali amekuja. Hakukaribia kiti, alisimama na leso puani. Bei aliyotaja ni chini ya ile tuliyonunulia ploti ikiwa tupu, vichaka na mawe. Maana yake nyumba tumeijengea hewani.

Nikamwuliza nyumba ameihesabu wapi. Akasema, "Mama, nikileta mteja hapa haoni nyumba. Anaona vumbi, halafu anaona mtoto wako anakohoa."

Nilimwambia mtoto wangu si bango.

Baba Saru alipiga simu jioni kutoka Mombasa, yuko huko kwenye godauni, anarudi mwisho wa mwaka. Dalali alikuwa ameshamwambia. Anataka tuuze. Anasema kesho bei itashuka tena, tuchukue hiki kidogo tukapange mahali. Simlaumu. Yeye husikia kikohozi kwa simu, na kwa simu kinatisha zaidi.

Lakini ploti ya nyumbani haiuzwi bila sahihi ya mke. Nimemwambia sahihi yangu haipo. Muda wa simu ukaisha.

Tulinunua mabati manne manne, kila mshahara. Mekundu, kwa sababu nilisema sitaki kulala chini ya rangi ya sufuria. Siwezi kuiuza kwa bei ya uchafu wa mtu mwingine.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada wenye ploti waliitwa kwenye darasa la chekechea. Mzee Nyambu ndiye mwenyekiti. Ana vyumba kumi vya kupangisha, ndivyo pensheni yake. Vitatu ni vitupu. Vingine ameshusha kodi mara mbili.

Alisema wanunuzi wanakimbia kwa sababu ya tunavyoonekana. Hapa mjini kila mtu hupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya udongo, ili mchanga mwekundu ukirukia usionekane. Mzee anasema ujanja ni ule ule, tuupandishe juu. Kila paa lipakwe kijivu. Vumbi likianguka juu ya kijivu, nani ataliona? Na mtu akiuliza habari za krasha, jibu ni moja: haitusumbui.

Wakapiga makofi. Watu wazima.

Nilisimama nikauliza, na mapafu tutayapaka rangi gani?

Mzee hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, hiyo ndiyo iliniudhi. "Mwanangu, nyumba ni kama mwari. Wachumba wako mlangoni, wewe unatangaza maradhi yake."

Nikasema, "Mzee, huyu mwari anakohoa. Watamsikia."

Watu wakacheka, lakini mikono ilipoinuliwa wangu pekee ndio ulibaki chini.

Jumanne, 9 Septemba

Saru homa kidogo. Amekataa uji. Amekubali nusu ndizi.

Nimemweleza Mama Atieno kila kitu. Yeye ni mpangaji wa Mzee Nyambu, mume wake yuko reli, walitoka upande wa ziwa. Nilidhani atanionea uchungu. Akacheka mpaka akaweka chini karai la nguo.

"Wewe mwenye ploti unalia. Mimi vumbi ndilo limenipa vyumba viwili kwa bei ya kimoja. Likiisha, Nyambu atanifukuza kabla sijamaliza kupumua hiyo hewa safi."

Ni kweli. Vumbi limenishushia mimi bei ya nyumba na limemshushia yeye kodi. Na watoto wake watatu wanakohoa kama wangu.

Nimefikiria hilo siku nzima. Sijapata jibu, na sijabadilisha msimamo.

Jumamosi, 13 Septemba

Mtaa mzima unanuka rangi. Mafundi wako juu ya kila nyumba. Mzee Nyambu mwenyewe aliniletea debe la kijivu, zawadi, na brashi mpya juu yake. Nilimshukuru. Nilimpa chai. Akaondoka akidhani tumeelewana.

Debe nimeliweka nje ya lango. Juu yake nimeweka brashi, haijafunguliwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Debe limechukuliwa. Sijaulizwa kitu.

Ukisimama barabarani sasa unaona mapaa ya kijivu mstari mzima, safi kama sare za shule, halafu langu. Jekundu lenye mabaka. Linaonekana gonjwa.

Acha lionekane.

Jumatatu, 22 Septemba

Jana mama mmoja wa Mombasa alikuja kuona vyumba vya Mzee Nyambu, akitaka kununua. Wanunuzi huletwa Jumapili, krasha ikiwa imelala. Alikuwa na mtoto mgongoni, wa miezi hivi. Kabla ya kuondoka akavuka hadi langoni kwangu. Akauliza kwa nini paa langu peke yake liko hivi, au hatuna uwezo wa rangi.

Mzee alikuwa nyuma yake, ananitazama.

Ningeweza kusema chochote. Nilimtazama yule mtoto, alikuwa anatafuna kamba ya kofia. Nikasema, "Rangi ya paa ni hiyo nyekundu. Hiyo nyingine ni krasha. Usiniamini mimi. Njoo kesho saa nne."

Leo alikuja. Saa nne na dakika chache gari lilisimama, vioo vikapanda, likageuka.

Jioni Mzee Nyambu amefunga bomba lake upande wangu. Nimechota kwake tangu tuhamie. Hajanitukana. Amefunga tu, na kufuli.

Nina hasira. Pia nina aibu, kwa sababu yule ni mzee na nimemkosesha mnunuzi. Nimejiuliza kama ningerudi nyuma ningesema tofauti. Hapana.

Jumatano, 24 Septemba

Mitungi minne kutoka kioski, safari mbili, Saru mgongoni. Mgongo unaniuma. Wateja wa mandazi wamepungua, nasikia wameambiwa mimi ni adui wa kazi. Yule wa mzaha alikuja bado. Alinunua sita badala ya mawili. Hakutania leo.

Saru alikohoa akatapika. Nimeandika saa: tisa na robo mchana. Kliniki wamesema ukimtoa kwenye vumbi atapona, ukimrudisha atarudia. Nikauliza dawa. Daktari akasema hiyo ndiyo dawa, mama.

Jumapili, 28 Septemba

Tulipanda Werugha Alhamisi, juu milimani, kwa mama. Ukungu mlangoni, mboga zinadondosha maji. Saru alilia baridi, akavalishwa sweta ya binamu yake yenye mikono hadi magotini. Siku ya kwanza alikohoa. Siku ya pili mara mbili tu. Jana hakukohoa. Nilikaa nikimsikiliza akipumua kama mtu anayesikiliza redio.

Mama anasema nihamie. Wapi? Kaka yangu ameshapima shamba hadi ukingo wa jiko. Mtoto wa binti anaweza kulelewa hapa, binti mwenyewe hana pa kujenga. Mama anajua. Alisema tu kwa sababu mama lazima aseme.

Nimemwacha Saru. Watu hutoroka mtoto akiwa amelala. Mimi nilimchuchumalia, nikamwambia usoni: naenda, nitarudi, unabaki na nyanya na ng'ombe. Alinielewa. Ndiyo maana alilia vile.

Nilipofika Voi nilikuta tangazo kwenye ukuta wa chifu. Krasha inaomba kuweka mashine ya pili. Wenye pingamizi waje barazani Alhamisi.

Jumanne, 30 Septemba

Nyumba kimya. Nimefagia mara tatu ili nisikie kitu.

Mzee Nyambu anazunguka mlango kwa mlango na karatasi ya kupinga. Ndio hao hao waliokubaliana kusema haitusumbui. Mashine moja walitaka kuificha. Mbili hazifichiki.

Kwangu hakufika. Karatasi aliileta Mama Atieno. Yeye ameshatia sahihi. Nikamwuliza, na kodi? Akasema, "Nimetia. Lakini Nyambu akipandisha, mimi na watoto wote tunahamia kwako, na Baba Atieno anakoroma."

Nimetia sahihi chini ya yake.

Alhamisi, 2 Oktoba

Naandika kabla sijasahau chochote.

Viti vya plastiki, watu wamejaa hadi nje. Afisa wa mazingira alikaa mbele na chifu. Mzee Nyambu alisimama wa kwanza, koti la kanisani. Akasema vumbi limetuua, nyumba hazina bei, mapaa yamefunikwa.

Akasimama mtu wa krasha, shati jeupe, adabu nyingi. Akatoa picha kubwa zilizopigwa kutoka juu kwa kile kindege cha kamera. Mtaa wetu wote. Akasema, "Mzee, hebu tuoneshe vumbi. Mimi naona mapaa ya kijivu, safi kabisa. Hii ni rangi ama ni vumbi?"

Mzee akafungua mdomo. Akisema rangi, vumbi liko wapi? Akisema vumbi, mbona limetandazwa sawasawa hadi pembeni? Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Ni rangi," Mzee akasema. "Tulipaka."

"Kwa nini?"

"Lisionekane."

Sikufurahi. Nilidhani siku hiyo ikifika nitafurahi. Alirudi kitini akiegemea mkongojo.

Mtu wa krasha akaonesha paa moja lenye mabaka. Akasema hili ni bati la kizamani tu, limechujuka.

Hapo nikasimama. Nikasema hilo ni langu, lina miaka mitatu, na haliko mbali. Twendeni.

Nilidhani watakataa. Afisa akachukua kofia yake. Tulienda karibu wote. Fundi mmoja akaleta ngazi. Nikafunga leso vizuri, nikachukua ndoo ya maji niliyobeba mwenyewe kutoka kioski, maji ya kupikia. Mtu akapiga kelele kwamba mwanamke hapandi paa. Mama Atieno akashika ngazi, akamjibu, "Basi panda wewe, tukuone hizo soksi." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Panda, mimi nimeshika."

Nilimwaga maji juu ya bati moja na kusugua kwa tambara. Tope la kijivu likateremka ukutani. Bati likatoka jekundu kama siku ya dukani.

Afisa alipiga picha. Akaandika saa. Akasema lisiguswe, atarudi Jumamosi.

Yule wa shati jeupe akasema hata hivyo hakuna ushahidi lilikuwa jekundu hivyo tangu mwanzo, na kwamba mtoto huweza kukohoa kwa mambo mengi. Kuhusu bati nilimjibu kwamba risiti ipo. Kuhusu Saru nilishindwa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Afisa amerudi. Amepanda mwenyewe. Lile bati nililoliosha Alhamisi alilipitisha kidole, akateremka na kidole hicho hewani, kijivu hadi kiungo cha kwanza. Siku mbili tu.

Hajaahidi kitu. Alisema kuona si kuandika. Mashine ya pili itasimama mpaka apate karatasi, na karatasi anataka kabla ya wiki mbili kwisha. Kama hazitafika, ombi lao linaendelea. Alinipa orodha. Nilimsomea kutoka kwenye daftari hili tarehe za kikohozi, akazinakili zote. Akauliza nani alinifundisha kuweka hivi. Nikasema hakuna, niliaibika tu siku moja.

Baba Saru alipiga. Ameona picha yangu nikiwa juu ya paa, mtu amemtumia. Nilingoja ugomvi. Akasema, "Ungeanguka." Halafu akasema dalali amempigia tena, naye akamwambia hatuuzi nyumba. Amesema hatuuzi, hakusema mke wangu hauzi. Nimesikia tofauti.

Mzee Nyambu yuko juu ya vyumba vyake na brashi ya chuma, anajaribu kuitoa ile rangi. Haitoki. Mchana huu kufuli la bomba halikuwepo. Hakuniambia, nami sikuuliza. Nimechota ndoo mbili, moja nimempelekea, na andazi juu ya kifuniko. Alipokea. Akasema, "Mwanangu, hii rangi ni nzuri sana, walituuzia ya kweli."

Tulicheka kidogo. Si urafiki bado.

Jumapili, 5 Oktoba

Krasha imelala. Nimefungua madirisha yote mawili. Nimefua shuka za Saru ingawa hazijalaliwa.

Sijui kama tutashinda. Bei ya nyumba haijapanda hata shilingi. Lakini bado ni nyumba yangu, na hakuna anayeniambia tena niseme uongo juu yake.

Vinavyobaki kutumwa, niwapigie kesho wote:

Kutoka kwa Baba Saru: risiti ya mabati, ile yenye rangi na tarehe, iko kwenye bahasha ya vyeti vyake. Picha ya siku tuliyohamia, ile tumesimama nje na paa linaonekana, si ile ya keki. Barua yake ya kukubali kwamba nizungumze kwa niaba ya ploti, na sahihi.

Kutoka kwa mama, Werugha: kikaratasi cha zahanati kinachosema kifua cha Saru ni safi, tarehe iandikwe, muhuri usisahaulike. Kadi yake ya kliniki, niliiacha juu ya kabati. Asitume maziwa, yanaharibika njiani.

Na kipimo cha mguu wa Saru, cha viatu. Achorwe kwenye karatasi akiwa amesimama, si ameketi, mguu wa kulia.